Lenzi Isiyoingia Vumbi

Kila asubuhi, kabla ya kufungua studio yake, Somoe alifuta meza, kioo cha kabati la picha na kiti cha wateja, kisha akasuuza kitambaa na kumpa baba yake ajifute uso. Mzee Fakihi hakupenda kufutwa na mtu mwingine. Alijipangusa polepole, paji la uso kwanza, kisha nyusi, kisha ndani ya masikio, akarudisha kitambaa kikiwa cheupe kama kilichotoka kwenye unga. Somoe alikisuuza tena. Maji yalimwagwa nyuma ya nyumba, mahali ambapo ardhi ilikuwa imeganda ngumu kama sakafu.

Hapo ilikuwa Boko, Mtaa wa Chokaa, mita mia mbili na themanini kutoka kwenye mashine ya kusaga kokoto ya kampuni ya Jiwe Jeupe. Mashine iliwashwa saa mbili kamili na kuzimwa saa kumi na mbili jioni, na kati ya saa hizo kazi ya mtaa ilikuwa kufunika. Walifunika sufuria, walifunika ndoo za maji, walifunika watoto wachanga. Nguo zilianikwa ndani. Kuku wote walikuwa weupe, hata wale walioletwa wakiwa wekundu.

Mzee Fakihi alikuwa ameilisha mashine ile mawe kwa miaka kumi na saba, kitambaa kimefungwa puani. Alipostaafishwa alipewa cheti na saa ya ukutani. Kikohozi alikuwa nacho tayari. Kilikuwa kikohozi kikavu, na kila baada ya siku mbili tatu kilitoa kipande cha chaki, kidogo kama ncha ya kidole, laini, cheupe. Fundi cherehani wa nyumba ya tatu alikuwa akipita kukichukua, akachorea mikato ya suti. Alisema ni chaki nzuri, haikwaruzi kitambaa.

Mama yake Somoe alikuwa amefariki zamani, na ndani ya nyumba walibaki wawili, baba na binti. Somoe alikuwa na miaka thelathini na nne. Alipiga picha za pasipoti, za harusi, za kitchen party, na za maiti kwa wale ambao dini yao iliruhusu. Kamera yake ilikuwa nzuri kiasi. Tatizo lilikuwa lenzi. Ilikuwa lenzi ya kuvuta, ile inayorefuka na kufupika, aliyoinunua imetumika, na mara tatu kwa mwaka ilijaa vumbi mpaka maharusi wakawa wanatoka kama wamesimama kwenye ukungu. Hapo aliibeba mpaka Kinondoni kwa Alireza.

Alireza alikuwa fundi wa kamera tangu enzi za filamu. Karakana yake ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa, chumba kimoja chenye dirisha lisilofunguliwa kamwe. Alikuwa na umri wa miaka sitini na kitu, na babu yake ndiye aliyefungua karakana ile.

"Shikamoo mzee," alisema Somoe.

"Marahaba binti. Imejaa tena?"

"Imejaa."

Alireza alivaa miwani yake ya kukuzia, akafungua skrubu nne ndogo kama mbegu za mchicha, akatoa kioo cha mbele. Alipuliza kwa kipira chake cha mkononi. Wingu dogo jeupe lilipanda, likakaa hewani kidogo, likatua juu ya vidole vyake.

"Lenzi za namna hii zinapumua," alisema, kama alivyosema kila mara. "Ukiirefusha inavuta hewa, ukiifupisha inatoa. Hewa inatoka. Vumbi linabaki."

"Kama baba."

"Kama baba yako. Tofauti ni kwamba yeye siwezi kumfungua skrubu."

Mwaka ule watu wa Mtaa wa Chokaa walikuwa wamemaliza mwaka wa nne wa kulalamika. Barua zao zilikuwa nyingi, na mwishowe kamati ya tathmini iliundwa. Kamati iliamua jambo lililoeleweka na kila mtu: nyumba yoyote yenye wakazi ndani ya mita mia tatu kutoka kwenye mashine ingehamishwa, na kampuni ingewajengea wakazi wake nyumba nyingine upande wa Bunju, mbali na vumbi. Kilichotakiwa ni ushahidi wa wakazi. Kila kaya ipigwe picha mbele ya mlango wake, watu wote waonekane.

Afisa uhusiano wa Jiwe Jeupe alikuwa kijana mpole aliyeitwa Kamugisha. Alikuja studio kwa miguu, akiwa na soda mbili kwenye mfuko, moja yake, nyingine ya Somoe. Alimwamkia Mzee Fakihi kwa heshima na kumuuliza habari za kifua.

"Kifua kipo," alijibu mzee.

"Dada Somoe," alisema Kamugisha, "kazi hii tungetaka uifanye wewe. Watu wa hapa wanakuamini. Ila nimeziona picha zako, zina madoa."

"Ni lenzi, kaka. Inaingia vumbi."

"Ndiyo maana nimekuletea hii."

Akafungua boksi. Ilikuwa lenzi ya kuvuta pia, nyeusi, nzito, lakini haikurefuka. Vioo vyake vilicheza ndani kwa ndani. Penye kiungo cha kamera palikuwa na raba, kwenye kila pete palikuwa na raba, hata swichi zake ndogo zilikuwa zimekalia raba. Kitabu chake kilisema haiingii vumbi wala mvua.

Mkataba ulikuwa na kurasa mbili. Kifungu cha saba kilisema picha zote za tathmini zipigwe kwa kifaa kilichotolewa, ili zilingane. Kifungu cha nane kilisema mpigapicha anathibitisha kwamba picha hazitaguswa wala kurekebishwa. Somoe alivisoma vyote, akaona ni vya haki, akatia saini.

Alianza Jumatatu asubuhi kwa jirani yake, Auleria, mwanamke wa Bukoba aliyekaa mtaani pale miaka tisa akikaanga vitumbua mbele ya mlango wake. Auleria alikuwa amejiandaa. Alijitanda kanga aliyoifua alfajiri ile na kuikausha ndani, akashika kijiti chake cha kugeuzia, akatabasamu. Somoe alipiga. Alitazama skrini ya kamera.

"Nimetoka vibaya?" aliuliza Auleria.

"Hujatoka."

"Basi rudia."

Akarudia. Mlango ulitoka, ukiwa mkali kiasi cha kuhesabu misumari. Karai lilitoka, na vitumbua sita vimevimba. Kijiti kilitoka kikiwa kimesimama hewani. Kanga ilitoka nayo, ikiwa imejipinda kwa umbo la bega ambalo halikuwapo. Auleria mwenyewe hakutoka.

Auleria alifuta mikono, akaja kutazama. 

"Kanga imetoka vizuri," alisema. "Ningejua ningevaa ile ya kijani."

Somoe aliendelea na nyumba ya pili. Kufikia saa nane mchana alikuwa ameielewa kazi ya ile lenzi bila kuambiwa. Mpangaji wa bodaboda aliyehamia wiki mbili zilizopita alitoka mzima, mpaka jino lake la dhahabu. Mwalimu aliyekuwa na mwaka mmoja mtaani alitoka mwepesi, ukuta ukionekana nyuma yake. Waliokaa miaka mitatu walitoka kivuli tu, chini, bila mwenye kivuli. Waliozidi miaka mitano hawakutoka. Kwa mama mmoja walitoka watoto wake wa kambo wawili tu, waliofika juzi kutoka Tanga kutembea, wameshikwa mikono na hewa.

Jumamosi alimpiga baba yake. Mzee Fakihi alikaa barazani, mgongo umenyooka, kofia imekaa sawa, na kanzu ya Idi. Kiti kilikuwa cha plastiki, cha kijani, kilichonunuliwa Ijumaa. Kilitoka peke yake.

"Vipi?" aliuliza mzee.

"Kiti tu, baba."

"Na kanzu?"

"Haipo."

"Ilikuwa sandukuni," alisema Mzee Fakihi. "Basi linaingia mpaka sandukuni." Jambo hilo lilimsumbua kuliko lile jingine, na jioni alimwambia Somoe atoe nguo zote sandukuni azikung'ute.

Jumatatu iliyofuata Somoe alipanda kwenda Kinondoni na lenzi zote mbili. Alireza aliigeuzageuza ile mpya chini ya taa yake. Aligusa raba ya kiungo kwa ukucha, akavuta, akanusa.

"Seal nzuri sana," alisema. "Sijawahi kuona nzuri hivi. Vumbi haliingii kabisa."

"Watu hawaingii, mzee."

"Huyo mama wa vitumbua ana miaka mingapi pale?"

"Tisa."

"Basi si kosa la lenzi. Inafanya ilivyoandikiwa." Akamrudishia. "Hebu nipige mie."

Somoe alimpiga pale pale mezani. Alireza alitoka vizuri, na miwani yake, na ndevu zake, na picha ya babu yake ukutani. Vidole tu ndivyo havikutoka. Mikono yake iliishia kwenye viganja, na skrubu moja ilikuwa imening'inia hewani mbele yake.

Alireza aliitazama picha ile, akafungua na kufunga mkono wake mara mbili.

"Miaka arobaini napuliza mavumbi ya watu," alisema. "Si mbaya." Akaisogeza kamera pembeni. "Sasa sikiliza. Hii ya zamani nitakusafishia leo, bure. Rudi uwapige wote upya. Lenzi inayoingia vumbi itawaona."

Somoe alifanya hivyo. Nyumba mia moja na kumi na mbili, siku saba, mara ya pili. Watu walisimama tena mbele ya milango yao, na wote walitoka. Walitoka na ukungu, walitoka na madoa ya mviringo mashavuni, lakini walitoka. Wakazi mia nne na thelathini na moja. Mzee Fakihi alitoka na kofia yake na kinywa kikiwa wazi kidogo, kwa sababu alikuwa anataka kukohoa.

Kamugisha alizipokea picha za mafungu yote mawili ofisini kwake. Alizitazama moja moja, hakuharakisha. Alipofika kwa Mzee Fakihi alisema, "Shikamoo mzee," kwa sauti ndogo, kwa ile picha.

"Hizi za lenzi yako ya zamani siwezi kuzipeleka, dada Somoe."

"Kwa nini?"

"Zina vumbi."

"Boko ina vumbi, kaka Kamugisha."

"Ndiyo maana tulikupa lenzi." Alimgeuzia mkataba, kidole kwenye kifungu cha saba. "Na hizi nyingine, uliziguSa? Ulifuta mtu?"

"Sikufuta mtu."

"Basi ni picha halali. Umeshasaini."

"Lakini unajua watu wapo. Umekula vitumbua kwa Auleria wewe, wiki iliyopita."

"Vitamu sana," alisema Kamugisha. "Dada, mie sina neno. Hata mie ningependa watoke. Lakini ripoti inataka picha, na picha ndiyo hii."

Akazipanga zile safi kwenye faili. Zile zenye ukungu alimrudishia ndani ya bahasha, akamfungulia mlango, akamwambia lenzi abaki nayo, ni zawadi ya kampuni.

Habari zilipoenea, watu wa mtaa walifanya walichoweza. Walioga mara nne kwa siku. Mmoja alikunywa maziwa lita tano. Auleria alifunga karai lake akaenda kwa dada yake Kibamba, akakaa wiki tatu akipumua hewa ya kule, hapiki, hafagii, amekaa tu kwenye kivuli chembamba cha nyumba akivuta pumzi na kuzitoa. Aliporudi Somoe alimpiga kwa lenzi ya kampuni siku ile ile, kabla hajatua mzigo. Yalitoka masikio mawili, meno, na mkono wa kushoto mpaka kwenye kiwiko.

Walimpelekea Kamugisha picha hiyo wakiwa na matumaini. Akaiulizia juu. Jibu lilirudi baada ya siku mbili kwamba sikio halihesabiki kuwa mkazi.

Mzee Fakihi hakwenda popote. Kwa wiki tatu zile Somoe alimsihi aende Tanga kwa shangazi.

"Niende nikapumue nini?" alisema. "Mie si nyie. Mie nimejaa. Hata nikae Tanga mpaka nife sitapungua."

"Ujaribu tu, baba. Nikupige picha moja."

"Wewe unaniona?"

"Nakuona."

"Basi."

Somoe aliingia ndani akafunga mlango wa studio, akalia kidogo, si sana, kwa sababu ukilia Mtaa wa Chokaa machozi yanaganda usoni na kuyabandua ni kazi.

Kamati ilikaa ukumbini Tegeta siku ya Jumatano, saa nne asubuhi. Watu wa mtaa walikwenda wote waliokuwa na nguo safi. Walijaza viti mia mbili, wengine wakasimama ukutani. Mwenyekiti alikuwa mtu mzima mwenye sauti nzuri ya kusomea. Aliwakaribisha, akawashukuru kwa kufika kwa wingi, akafungua ripoti.

"Nyumba mia moja na kumi na mbili," alisoma. "Nyumba zenye wakazi, tisa, wote wakiwa ni wapangaji wa muda mfupi. Nyumba zisizo na wakazi, mia moja na tatu. Kiwango cha vumbi kinachoonekana kwenye picha, hakuna."

Ukumbini vilisikika vikohozi. Mzee Fakihi alinyanyuka, akaegemea kiti cha mbele yake.

"Mheshimiwa mwenyekiti, unaniona?"

"Nakuona vizuri sana mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Basi andika."

Mwenyekiti alivua miwani. Alionekana mtu asiyependa kumkosea mzee.

"Mzee wangu, mie siandiki ninachokiona. Naandika kilichopo kwenye kiambatisho."

"Mie nimekaa pale tangu mashine haijaja. Binti yangu yule pale ndiye aliyepiga hizo picha."

"Na tunamshukuru," alisema mwenyekiti. "Ni picha nzuri sana. Kila mjumbe amezisifu."

Watu waligeuka wakamtazama Somoe. Hakuna aliyemtukana. Auleria, aliyekaa naye, alimshika mkono akauweka juu ya paja lake, akaendelea kuushika mpaka kikao kikaahirishwa. Kwenye karatasi ya mahudhurio, waliohudhuria waliandikwa kuwa wajumbe saba, afisa wa kampuni mmoja, na viti.

Uamuzi ulibandikwa baada ya wiki mbili. Kwa kuwa eneo halikuwa na wakazi wa kudumu, kampuni iliruhusiwa kuendelea kwa miaka kumi mingine, na kusogeza machimbo yake upande wa mtaani hadi mita sitini. Wapangaji tisa walihamishiwa Bunju. Yule wa bodaboda alikwenda kuaga nyumba kwa nyumba, kwa aibu, akiwa amebeba godoro.

Mwamba wa upande ule ulikuwa mgumu, ukahitaji baruti. Sheria ya baruti ilikuwa kali, na kampuni iliifuata. Hakuna kulipua kabla eneo halijakaguliwa na kuonekana halina mtu. Kwa ajili hiyo waliweka mlingoti mrefu wa chuma, na juu yake kamera ya kuvuta, ya namna ile ile, yenye raba kila mahali, haiingii vumbi wala mvua. Kabla ya kila mlipuko king'ora kililia dakika tano, mtu wa zamu akaizungusha kamera taratibu juu ya Mtaa wa Chokaa, nyumba moja baada ya nyingine, akitazama kwenye skrini. Alikuwa mtu makini. Siku moja alisimamisha kazi saa nzima kwa sababu aliona mgeni amesimama njiani, muuza mitumba kutoka Temeke aliyekuja mtaani kwa mara ya kwanza. Walimtoa kwa upole, wakamwonyesha njia.

Mawe yaliruka. Mengi yaliangukia uwanjani. Moja lilitoboa bati la fundi cherehani, jingine lilivunja karai la Auleria likiwa tupu. Watu walijifunza kuingia chini ya vitanda king'ora kikilia. Mzee Fakihi alikuwa mzito wa kuinama, akasema atakuwa anaingia chini ya kizingiti cha mlango, panamtosha.

Jumanne moja Somoe alikuwa Kinondoni kwa Alireza na lenzi yake ya zamani. Alireza alikuwa ameifungua, vioo vimepangwa juu ya kitambaa cheusi. Simu ya Somoe ililia. Alikuwa Auleria.

"Njoo," alisema Auleria.

"Kuna nini, dada?"

"Wewe njoo tu, Somoe. Usipitie popote."

Alireza alitazama uso wake, akamwambia aende, lenzi atamletea yeye mwenyewe.

Walikuwa wameshamlaza baba yake ndani alipofika. Auleria alikuwa amemfunika kwa kanga yake ya kijani. Jiwe halikuwa kubwa. Lilikuwa limewekwa barazani, pembeni, kwa kuwa hakuna aliyejua la kulifanyia. Imamu alikuja, wanaume wakamwosha, na walimwosha kwa muda mrefu kuliko kawaida, kwa sababu maji yalikataa kutoka safi. Ndoo ya ishirini na tisa ndiyo iliyotoka kama maji. Wakamzika baada ya alasiri. Alireza alifika makaburini na begi la lenzi begani, akatupa udongo kwa mikono yake, akakaa nyuma mpaka mwisho.

Siku ya nne Somoe alikwenda ofisini kwa Kamugisha. Hakwenda kugombana. Alitaka iandikwe.

Kamugisha alisimama kumpokea, akampa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimvutia kiti.

"Nimeitazama kanda ya siku hiyo mara nyingi, dada Somoe. Nilitaka nikuite, nikashindwa. Ngoja nikuonyeshe mwenyewe."

Akageuza skrini. Ilikuwa baraza ya kwao, saa saba kasoro, jua kali, picha safi isiyo na doa. Palikuwa na mkeka uliokunjwa, kandambili mbili, na birika la bati la kutawadhia. Birika lilinyanyuka. Lilikwenda hewani polepole, likasimama kwenye kimo cha kiuno, likainama. Maji yalishuka yakakuta kitu, yakagawanyika njia tano, yakadondoka. Mkono wa kulia. Kisha wa kushoto. Kisha maji kidogo yalipanda juu, yakarushwa, na hayakuanguka mara moja. Yalikaa. Yalikuwa na paji la uso, yalikuwa na pua, yalikuwa na kidevu chenye matone. Somoe aliuona uso wa baba yake ukiwa wa maji matupu, macho yamefumbwa, kwa muda wa kushusha pumzi moja. Halafu ukachuruzika.

Maji yakaenda kwenye mkono wa kulia mpaka juu ya kiwiko, juu zaidi ya inavyotakiwa, kama alivyofanya siku zote. Kisha wa kushoto. Kisha kichwa. Birika likashuka kuelekea miguuni, na hapo jiwe likaja. Birika lilianguka, likabonyea, likabingirika mpaka kwenye ngazi. Maji yaliyobaki yalitoka yote.

"Unaona," alisema Kamugisha kwa upole. "Hakuna mtu."

"Rudisha nyuma."

Akarudisha. Wakatazama tena. Akarudisha mara ya tatu bila kuambiwa, na mara ya nne alimwonyesha kitufe cha kuvuta karibu, akamwachia. Somoe alivuta. Picha ilisogea mpaka maji yakajaza skrini nzima, na haikupoteza hata chembe. Aliweza kuona mkunjo wa kati ya nyusi. Alisimamisha pale akakaa.

Kamugisha alimwacha kwa robo saa. Kisha akasogeza fomu mezani, akakohoa kidogo kwa adabu.

Fomu ilikuwa imeshajazwa. Vifo, hakuna. Majeruhi, hakuna. Mali iliyoharibika, birika moja, la bati.

"Andika jina lake," alisema Somoe.

"Wapi, dada? Nionyeshe kisanduku nami nitaandika."

Somoe alitafuta. Alisoma fomu ile mbele na nyuma, kwa makini, kama alivyousoma mkataba. Palikuwa na nafasi ya jina la mtu wa zamu, jina la mkaguzi, na jina la mpokeaji wa fidia.

Mtunza stoo alileta birika jipya, kubwa kuliko lile la zamani, lenye kibandiko bado. Somoe aliandika jina lake penye mpokeaji. Ubini wake ni wa baba, kwa hiyo aliandika Somoe Fakihi, kwa herufi kubwa, akaikandamiza kalamu mpaka karatasi ya chini. Hiyo ndiyo sehemu pekee kwenye faili ile ambayo jina la baba yake limo.

Aliporudi nyumbani, wanawake kumi na saba walikuwa barazani kwenye matanga, wamekaa juu ya mkeka mpya ulioazimwa msikitini Bunju. Auleria aliwasogeza akampatia nafasi. Somoe aliliweka birika ukutani, akaketi, akaegemeza kichwa begani kwa Auleria. Mmoja alikuwa anahadithia jinsi Mzee Fakihi alivyomfukuza mbuzi wa watu na kuishia kumlisha. Walicheka kidogo.

Saa saba kasoro king'ora kililia. Wanawake walijitanda vichwani kanga zao zilizojaa vumbi, wakakaribiana. Juu ya mlingoti kamera ilizunguka, ikafika kwenye nyumba ile, ikatulia. Mtu wa zamu alivuta karibu, kwa kuwa siku hizi aliambiwa awe makini zaidi upande ule. Aliona baraza, mkeka mpya uliotandikwa vizuri, na birika lenye kibandiko. Aliandika kwenye daftari kwamba pako wazi, akatazama mara ya pili ili awe na hakika, akabonyeza.